Hesabu ya Vijiko

Babu yangu Lugwisha alikuwa boi wa mezani
kwenye nyumba ya bwana mkubwa wa pamba, Capri Point,
juu ya majabali, ambako ziwa lote huonekana
na watu wa Igogo hawaonekani.
Kanzu nyeupe, mshipi mwekundu, miguu mitupu:
viatu vingepiga kelele,
na kelele ilikuwa mali ya wenye nyumba.

Ukutani jikoni zilining'inia kengele sita.
Ya sebuleni ilikohoa. Ya bafuni ilipiga chafya.
Ya chumba cha memsabu ililia kama mtoto wa mbuzi,
na hiyo ilimfuata mpaka kwake Mabatini,
usiku wa manane, akasimama wima gizani,
kidevu juu: "Ndiyo, memsabu."
Bibi akamvuta shuka. "Lala. Huyo ni mbuzi kweli."

Hata jikoni kulikuwa na ngazi.
Mpishi, Mzee Rwechungura wa Bukoba, alikalia kiti.
Boi wa mezani, kigoda. Dobi alisimama.
Mtu wa bustani alipewa chai dirishani, kwenye kopo,
naye akamfokea mchota maji,
na mchota maji, kwa kukosa wa kumfokea, akampiga mbwa teke,
akasahau kwamba mbwa yule alikuwa na cheo kuwapita wote.

Jumamosi jioni vijiko vilihesabiwa
juu ya kitambaa cha kijani,
babu kasimama, viganja wazi.
Kumi na viwili. Kumi na viwili. Kumi na kimoja.
Wakamkata mshahara wa miezi miwili.
Masika kijiko kikaonekana bustanini,
ndani ya ndoo ya mchanga ya mtoto wao.
Memsabu alisema, "Oo."
Basi.
Babu alituigizia ile "Oo" mpaka uzeeni,
mdomo mviringo kama tundu la kifungo.
Tulicheka hadi machozi. Yeye hakucheka.

Walikula mnofu wa sato; kichwa kilikuwa cha jalalani.
Babu alivifunga vichwa kwenye jani la mgomba, akashuka navyo,
na baba yangu alikua akiamini kichwa ni fungu la watemi.
Siku moja memsabu alimkuta mlangoni na kifurushi.
"Nilidhani kinatupwa, memsabu."

Mimi ni mhasibu.
Nimejenga kwenye majabali yale yale,
geti jeusi, kamera mbili, malumalu.
Kengele sina. Nina simu: nambipu.
Ng'washi ametoka Magu, ana miaka kumi na tisa.
Tunamwita dada.
Kikombe cha dada ni cha plastiki, cha njano,
hukaa peke yake chini ya sinki,
wala sikumbuki nani aliamua.

Jana usiku nilitamani kichwa cha sato.
Wanangu hawakigusi, eti kinawatazama.
Nikashuka pekupeku nisiamshe mtu.
Ng'washi alikuwa amechuchumaa kando ya jiko, ananyonya taya.
Akaruka, sahani nyuma ya mgongo:
"Nisamehe, mama. Nilidhani kinatupwa."

Nilitaka kumwambia habari za mbuzi,
na kopo la dirishani, na ile "Oo".
Nikasema tu, "Kaa mezani, ule vizuri."
Akaitazama meza, viti vyake vinane,
kisha akaitazama miguu yangu.
"Nimezoea hapa, mama."

Nikavuta droo, nipate kijiko, ninywe naye mchuzi
palepale sakafuni.
Kidole kilikuwa kimeshaanza safari yake:
viwili, vinne, sita.

"Viko vyote, mama," akasema,
bila hasira, huku akinisogezea sahani.
"Huwa navihesabu kabla yako."